Utanzu, Mhusika na Lugha ya Uhusika katika Anime za Kijapani

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza namna filamu za katuni za Kijapani, zijulikanazo kwa jina la anime, zinavyoainishwa katika tanzu, na namna wahusika wake wanavyogawanywa katika aina. Mambo haya mawili yamekwisha kuzungumzwa sana na wapenzi wa filamu hizo na pia na wataalamu wa taaluma ya mawasiliano. Hata hivyo, katika mengi yaliyosemwa, mhusika ametazamwa kwa macho tu: rangi ya nywele zake, ukubwa wa macho yake, mavazi yake na silaha yake. Ni mara chache mhusika huyo amesikilizwa.

Hoja yetu ya msingi ni kwamba mhusika wa anime hutambulika kwa kauli yake kama anavyotambulika kwa sura yake. Neno analojiitia yeye mwenyewe na kipashio anachomalizia sentensi yake humweka katika aina fulani kabla hajatenda tendo lolote. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi uainishaji wa wahusika hao ni suala la isimu kama ulivyo suala la fasihi. Aidha, mfasiri anayetaka kuzileta filamu hizo katika Kiswahili ana mzigo mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa Kiswahili kina neno moja tu, "mimi", mahali ambapo Kijapani kina maneno mengi.

Tutaanza na tanzu na vigezo vya kuzitenga. Kisha tutaeleza aina kuu za wahusika, tutachambua lugha wanayopewa, na mwisho tutajadili matatizo ambayo lugha hiyo inamletea mfasiri wa Kiswahili.

2.0 Tanzu za Anime na Vigezo vya Kuzitenga

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuzitenga tanzu kwa kigezo cha umbo, na vipera kwa vigezo vya maudhui na muktadha. Katika anime, vigezo viwili vya namna tofauti hutumika sambamba, na mara nyingi huchanganywa kana kwamba ni kimoja. Kigezo cha kwanza ni hadhira. Cha pili ni maudhui na mandhari.

2.1 Kigezo cha hadhira

Istilahi nne zinazotajwa mara kwa mara ni shonen (wavulana), shojo (wasichana), seinen (vijana na watu wazima wa kiume) na josei (wanawake). Ni dhahiri kwamba istilahi hizi hazisemi lolote juu ya kisa. Zinamtaja msomaji. Asili yake imo katika majarida. Anime nyingi hutokana na manga, yaani hadithi za picha za kuchapwa, na manga hutolewa kwanza kwa sehemu sehemu katika majarida yanayolenga rika na jinsia maalumu. Desturi hiyo ni ya zamani: jarida la wasichana la Shojo no Tomo lilianza mwaka 1908, na lile la wavulana la Shonen Kurabu mwaka 1914. Shonen Jump, jarida ambalo limezaa Dragon Ball (1984), One Piece (1997) na Naruto (1999), lilianzishwa mwaka 1968, na limejulikana kwa nguzo zake tatu za masimulizi: urafiki, juhudi na ushindi.

Nguzo hizo tatu zimewafanya wengi waamini kwamba shonen ni utanzu wenye kisa cha aina moja: kijana mnyonge mwenye ndoto kubwa, mwalimu mkali, mashindano, adui anayegeuka rafiki. Ni kweli kwamba kisa hicho ni cha kawaida. Lakini si sharti. Mifano miwili inatosha kuonyesha udhaifu wa kigezo hiki. Kwanza, K-On! (anime ya mwaka 2009) ni kisa cha wasichana wa sekondari wanaoanzisha bendi ya muziki na kunywa chai baada ya masomo. Pamoja na hayo, huhesabiwa kuwa seinen, kwa sababu jarida lililoichapa linalenga wanaume. Pili, Vinland Saga ya Makoto Yukimura ilianza mwaka 2005 katika jarida la wavulana, na kabla ya mwaka huo kwisha ikahamishiwa katika jarida la watu wazima, Afternoon. Kisa kilikuwa kile kile, wahusika wale wale, lakini lebo ilibadilika kwa kubadilika jarida tu.

Tena, ziko anime ambazo hazikutokana na jarida lolote. Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno (1995) ilibuniwa iwe mfululizo wa televisheni. Kuiuliza anime ya namna hiyo kama ni ya wavulana au ya watu wazima ni kuiuliza swali lisilo lake. Hivyo basi, tunapendekeza istilahi hizi nne ziitwe makundi ya hadhira, na jina la utanzu lihifadhiwe kwa kigezo kinachofuata.

2.2 Kigezo cha maudhui na mandhari

Kwa kigezo hiki tunapata tanzu nyingi. Hapa tutagusa tano zenye historia iliyo wazi.

Utanzu wa kwanza ni wa maroboti makubwa. Katika Tetsujin 28-go (anime ya mwaka 1963) roboti huendeshwa na mtoto kwa kifaa cha mkononi, akiwa mbali. Mazinger Z ya Go Nagai (1972) ilimwingiza kijana ndani ya roboti lenyewe, na tangu hapo mwili wa chuma ukawa mwili wa pili wa mhusika. Mobile Suit Gundam ya Yoshiyuki Tomino (1979) iligeuza roboti kuwa chombo cha kawaida cha vita, chenye kuharibika na kuundwa upya, na adui akapewa sababu zake. Evangelion ilikwenda mbele zaidi: rubani wake, Shinji Ikari, hataki kupanda chombo hicho. Katika muda wa miaka thelathini na miwili utanzu mmoja ulihama kutoka kwenye kifaa cha mtoto hadi kwenye hofu ya mtoto.

Utanzu wa pili ni wa wasichana wenye uchawi, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Mahotsukai Sally (1966). Sailor Moon ya Naoko Takeuchi (1992) iliuunganisha utanzu huu na desturi ya vikosi vya mashujaa watano, kila mmoja na rangi yake, na hivyo ikampa msichana nafasi ya kupigana akiwa katika kundi.

Utanzu wa tatu ni wa michezo. Captain Tsubasa ya Yoichi Takahashi (manga ya mwaka 1981, anime ya mwaka 1983) ilisafiri hadi nchi za Kiarabu, ambako Tsubasa alipewa jina la Majid. Utanzu wa nne ni wa maisha ya kila siku, usio na adui wala safari. Mfano wake mkongwe ni Sazae-san, anime ya familia moja ya Tokyo iliyoanza kurushwa mwezi wa Oktoba 1969 na kuendelea kwa zaidi ya nusu karne. Utanzu wa tano ni wa ulimwengu mwingine, isekai, ambamo mtu wa kawaida hujikuta katika nchi ya mazimwi na uchawi. Utanzu huu ulikuwapo zamani, kwa mfano katika Dunbine (1983), lakini ulishika kasi katika miaka ya 2010 kwa kazi kama vile Re:Zero (2016).

Jambo la kuzingatia ni kwamba mipaka ya tanzu hizi hupitika kwa urahisi. Kinachopita mipaka hiyo bila kubadilika sana ni mhusika. Mzee mwenye hekima wa kisa cha roboti anasema kama mzee mwenye hekima wa kisa cha upelelezi, na binti wa kitajiri wa kisa cha shule anacheka kama binti wa kitajiri wa isekai. Hapa ndipo tunapolazimika kumgeukia mhusika.

3.0 Aina za Wahusika

Wahakiki wa Kiswahili hutofautisha mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, mwenye pande nyingi. Kwa kipimo hicho, wahusika wengi wa anime wangeonekana bapa. Wana majina ya aina yanayojulikana na watazamaji wote: shujaa mchangamfu mlafi wa chakula, hasimu wake mkimya, profesa mzee, binti wa kitajiri, kiongozi wa wanafunzi mwenye miwani, adui mwenye adabu. Miongoni mwa wahusika wa kike liko kundi linaloainishwa kwa namna ya kuonyesha mapenzi. Tsundere ni msichana anayemtukana ampendaye, kisha hulainika. Jina lenyewe limetokana na tanakali mbili za Kijapani, tsuntsun (kununa, kujitenga) na deredere (kulegea kwa mapenzi). Kuudere huuficha moyo wake nyuma ya uso usiotikisika. Yandere hupenda hadi kuugua na kudhuru.

Inafaa kutaja kwamba istilahi hizi zilibuniwa na watazamaji wenyewe. Mwanafalsafa Hiroki Azuma, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alieleza kwamba watazamaji wa namna hii humsoma mhusika kana kwamba ni mkusanyiko wa vipengele vinavyochukuliwa kutoka katika hazina moja ya pamoja: miwani, masikio ya paka, namna ya kunena. Msanii huchagua vipengele na kuvipanga. Mtazamaji huvitambua kimoja kimoja.

Kwa maoni yetu, maelezo haya yanasaidia kusahihisha dhana ya ubapa. Aina katika anime si mwisho wa mhusika. Ni mahali anapoanzia. Asuka wa Evangelion huingia kwa kelele na dharau, na watazamaji wa baadaye wamemwita tsundere. Lakini kadiri mfululizo unavyosonga, dharau ile inadhihirika kuwa ni kilio cha mtoto aliyeachwa. Mtazamaji hawezi kuuona umbali aliosafiri mhusika bila kuijua kwanza aina alimoanzia. Na aina hiyo, kama tutakavyoona, huijua kwa sikio.

4.0 Lugha ya Uhusika

Mwanaisimu Satoshi Kinsui ameiita lugha ya namna hii yakuwarigo, istilahi aliyoifafanua kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 2003. Katika makala hii tunaiita lugha ya uhusika. Maana yake ni mtindo wa kunena ambao, ukisikika, humfanya msikilizaji amwone mtu wa aina fulani akilini: umri wake, jinsia yake, tabaka lake, mahali atokako, na kinyume chake, mtu wa aina hiyo akitajwa, msikilizaji huutazamia mtindo huo. Si lazima mtindo huo utumiwe na mtu yeyote katika maisha halisi. Ni ujuzi wa pamoja unaopatikana kwa kusoma na kutazama tangu utotoni.

4.1 Nafsi ya kwanza na mwisho wa sentensi

Sentensi zifuatazo tumezitunga wenyewe kwa ajili ya uchambuzi. Zote sita zina maana moja ya msingi: "Mimi ndiye nitakayekwenda."

(1) Watashi ga ikimasu. (mtu mzima, kauli ya adabu ya kawaida)
(2) Ore ga iku ze. (kijana wa kiume, jeuri)
(3) Washi ga iku no ja. (mzee au profesa)
(4) Watakushi ga mairimasu wa. (binti wa kitajiri)
(5) Sessha ga mairu de gozaru. (samurai)
(6) Ora ga iku da. (mtu wa shamba)

Mambo matatu hubadilika. La kwanza ni kiwakilishi cha nafsi: watashi, ore, washi, watakushi, sessha, ora. La pili ni kitenzi: iku ni "kwenda" ya kawaida, mairu ni "kwenda" ya mtu anayejishusha mbele ya msikilizaji. La tatu ni kipashio cha mwishoni: ze, no ja, wa, de gozaru, da. Katika filamu, sentensi moja ya namna hii hutosha. Mtazamaji anayeisikia bila kuona picha atajua nani amesema.

Mifano ya wahusika inajulikana. Profesa Ochanomizu wa Tetsuwan Atomu, anime ya Osamu Tezuka iliyoanza tarehe 1 Januari 1963, hujiita washi na kumalizia kwa ja. Kenshin wa Rurouni Kenshin hujiita sessha. Goku wa Dragon Ball, aliyelelewa milimani mbali na watu, hujiita ora. Adui yake Freeza hunena kwa adabu ya karani wa ofisi ilhali anaangamiza sayari nzima, na ukatili wake unatisha zaidi kwa sababu ya adabu hiyo. Naye Naruto humalizia sentensi zake kwa dattebayo, kipashio ambacho kwake kimekuwa kama alama ya kuzaliwa. Mama yake alikuwa na dattebane. Mwanawe Boruto ana dattebasa. Katika ukoo huu, mwisho wa sentensi unarithiwa kama vile pua au rangi ya macho.

4.2 Asili ya mitindo hii

Mitindo hii haikubuniwa na watengenezaji wa anime. Kinsui ameonyesha kwamba lugha ya profesa ina mizizi katika mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, katika nusu ya pili ya karne ya 18. Wakati huo vijana wa mji huo walikuwa wakisema lugha mpya ya Edo, ilhali waganga na wanazuoni wazee waliendelea kushikilia sifa za lugha ya magharibi ya Japani, Kyoto na Osaka, iliyokuwa na hadhi. Jukwaa la maigizo na vitabu viliukuza utofauti huo, na hatimaye ukawa alama ya uzee na elimu hata pale ambapo hapakuwa tena na mzee wala mwanachuoni anayesema hivyo.

Lugha ya binti wa kitajiri ina historia ya kushangaza zaidi. Viishio vyake vilianza kusikika miongoni mwa wasichana wa shule wa Tokyo mwishoni mwa karne ya 19, na waandishi na waelimishaji wa zama zile walivilaani kuwa ni vya kishenzi. Riwaya na majarida ya wasichana yaliyosomwa nchi nzima yakavieneza, na katika kuenea huko vikageuka kuwa dalili ya malezi bora. Kilichokuwa aibu kikawa heshima. Mwanaisimujamii hana haja ya ushahidi mwingine kwamba uzuri na ubaya wa kauli haumo ndani ya kauli yenyewe.

Lahaja nazo zimegawiwa majukumu. Msemaji wa lahaja ya Osaka katika anime mara nyingi ni mcheshi, mwepesi wa maneno na mpenda chakula au fedha; hata kiumbe mlinzi wa kadi katika Cardcaptor Sakura (1998), Kero, amepewa lahaja hiyo. Ni kweli kwamba wako wanaoipa heshima: Heiji Hattori wa Detective Conan ni mpelelezi hodari kutoka Osaka, na lahaja yake inasimama bega kwa bega na lugha sanifu ya hasimu wake. Lakini ili apate heshima hiyo ilimlazimu awe shujaa. Msemaji wa lugha sanifu haihitaji hoja ya namna hiyo. Yeye huweza kuwa mtu yeyote.

4.3 Mhusika anayebadili kauli

Uthibitisho bora wa hoja yetu hupatikana pale mhusika anapobadili lugha yake akiwa mwili ule ule. Katika Detective Conan, iliyoanza kurushwa mwaka 1996, kijana wa miaka kumi na saba, Shinichi Kudo, amenyweshwa sumu iliyomrudisha katika umbo la mtoto. Mbele ya watu wazima hujiita boku, neno la mvulana mwenye adabu. Mawazoni mwake, na mbele ya wachache wanaoijua siri, hujiita ore. Siri yote ya mfululizo huu imebebwa na maneno hayo mawili. Mtazamaji asiyeyasikia anaweza kuelezwa siri, lakini haisikii ikitunzwa.

Mfano wa pili umo katika filamu ya Makoto Shinkai ya mwaka 2016, Kimi no Na wa. Msichana Mitsuha anaamka katika mwili wa mvulana wa Tokyo, Taki. Mbele ya rafiki za Taki anajiita watashi, nao wanashangaa. Anajaribu watakushi, wanazidi kushangaa. Anajaribu boku, hawaridhiki. Hatimaye anasema ore, na nyuso zao zinatulia. Tukio hilo ni la sekunde chache na huchekesha. Kwa mwanaisimu ni jaribio kamili: mwili, sura na sauti ni vya Taki tangu mwanzo, lakini rafiki zake hawamtambui mpaka kiwakilishi kiwe chake.

5.0 Suala la Tafsiri katika Kiswahili

Wafasiri wa lugha nyingine wamepita njia mbalimbali. Anime ya roboti ya Grendizer (1975) ilipoingizwa sauti za Kiarabu nchini Lebanoni, wahusika wote walipewa Kiarabu fasaha. Faida ilikuwa kubwa, kwani watoto wa nchi nyingi waliielewa na walijifunza lugha. Hasara ni kwamba mkulima na mfalme walinena kwa kinywa kimoja. Katika toleo la Kiingereza la Azumanga Daioh (2002), mwanafunzi aitwaye Osaka kwa sababu ya lahaja yake alipewa lafudhi ya kusini mwa Marekani. Dattebayo ya Naruto nayo mwanzoni ilifasiriwa kwa Kiingereza kwa amri yenye maana ya "Amini!", kisha baadaye ikaachwa.

Je, mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Ni wazi kwamba hawezi kuitafuta ore ndani ya "mimi". Lakini si kweli kwamba lugha yetu ni maskini katika jambo hili. Umaskini ni wa viwakilishi tu. Utajiri umo mahali pengine, nao ni wa namna nne.

Kwanza ni istilahi za ukoo zitumiwazo kujitaja. Mzee wa Kiswahili huweza kujitaja katika nafsi ya tatu: "Babu yenu ndiye atakayekwenda." Kauli hiyo inamtendea haki profesa wa sentensi (3) kuliko "mimi" yoyote. Pili ni maneno ya unyenyekevu ya nyaraka na mashairi ya kale. Sessha ni neno la kujidunisha. "Mja wenu ndiye atakayekwenda" ina unyenyekevu ule ule na ukale ule ule. Tatu ni maamkizi na miitikio. Tofauti kati ya "labeka", "naam", "abee" na "nini?" humweka mtu katika umri, jinsia na malezi yake kwa kasi ile ile ya kiwakilishi cha Kijapani. Nne ni upatanisho wa ngeli na viambishi vya ukubwa na udogo, ambavyo humwezesha msemaji jeuri kumdunisha mwenzake kwa silabi moja: "kitoto hiki kimekuja" si sawa na "mtoto huyu amekuja". Kijana wa sentensi (2) ataweza kusema: "Naenda mwenyewe, bwana!" na hakuna atakayemdhania kuwa profesa.

Kwa hiyo Conan mbele ya watu wazima aanze kwa "shikamoo" na kuitika "naam", na mawazoni mwake anene kwa ukali bila maamkizi. Siri itasikika. Tukio la Kimi no Na wa ni gumu zaidi, kwa kuwa linataja viwakilishi vyenyewe. Hapo mfasiri atalazimika kuhamisha jaribio kutoka katika kujitaja hadi katika kuitikia: Mitsuha aitike "abee", rafiki zake washangae; aitike "labeka", wazidi kushangaa; aitike "naam", wasiridhike; na hatimaye aseme "sema, mwanangu!", nao watulie. Tafsiri hiyo inaacha maneno na kushika tendo.

Linabaki suala la sentensi (6), na hilo ndilo zito kuliko yote. Ni rahisi kumtafutia mtu wa shamba wa Kijapani lahaja mojawapo ya Kiswahili, au lafudhi ya kabila fulani la bara. Mie Hiramoto, katika utafiti wake wa mwaka 2009, ameonyesha mahali njia hiyo inapoweza kufikia. Katika tafsiri ya Kijapani ya riwaya ya Gone with the Wind, watumwa weusi wamepewa kauli iliyoigizwa kutoka katika lahaja za Tohoku, kaskazini-mashariki mwa Japani, ilhali mabwana zao wanasema lugha sanifu. Watu wawili wametukanwa kwa pamoja: Mwafrika wa Marekani, aliyefanywa mshamba wa Kijapani, na mkulima wa Tohoku, ambaye lugha ya mama yake imefanywa sare ya utumwa. Ora ya Goku inapendeza watoto kwa sababu Goku ni shujaa, lakini imetoka katika ghala lile lile.

Sisi hatuko mbali na hatari hiyo. Katika vichekesho vya redio na televisheni vya Afrika ya Mashariki, lafudhi za makabila fulani zimekwisha kufanywa alama ya mlinzi wa mlangoni, ya mtumishi wa nyumbani au ya mjinga aliyefika mjini jana. Mfasiri akimpa mtu wa shamba wa anime lafudhi hizo, mtazamaji atacheka mara moja, na kicheko hicho kitakuwa ushahidi kwamba lugha ya uhusika imefanya kazi. Swali ni kazi gani. Tunaona ni bora ushamba wa mhusika uonyeshwe kwa mambo anayoyajua na asiyoyajua: kwa mithali za kilimo, kwa kuhesabu saa kwa jua, kwa kumwamkia kila apitaye njiani. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini haimtozi mtu halisi gharama ya kicheko.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba shonen, shojo, seinen na josei ni makundi ya hadhira wala si tanzu. Kwamba tanzu halisi za anime hutofautiana kwa maudhui na mandhari lakini huazimana wahusika. Na kwamba wahusika hao huvushwa kutoka utanzu hadi utanzu kwa chombo cha lugha ya uhusika, yenye historia ndefu kuliko anime yenyewe.

Kwa mwanafunzi wa isimujamii, uwanja huu uko wazi. Lugha ya uhusika ya Kiswahili haijachambuliwa kwa mapana inayoyastahili, ijapokuwa tunaisikia kila siku: Sungura wa ngano zetu hasemi kama Fisi, na mzee wa tamthiliya hasemi kama mzee wa barazani. Ipo haja ya kukusanya data kutoka katika ngano, tamthiliya, michezo ya redio na filamu, na kuuliza kila kauli imetoka wapi, nani alikuwa akiisema hapo awali, na nani huchekwa inaposemwa leo. Mfasiri atakayepewa majibu ya maswali hayo ataweza kuwapa wahusika wa Kijapani sauti za Kiswahili bila kumnyang'anya Mswahili yeyote sauti yake.